Warsha na Karakana

Neno "warsha" tumelipata kwa Kiarabu, ambako hadi leo maana yake ni karakana: mahali pa nyundo, randa na vumbi. Katika Kiswahili chetu vumbi hilo limekwisha kupanguswa. Siku hizi warsha ni ukumbi wa hoteli, kalamu mpya, posho na cheti. Na msanii anayefanya kazi na jamii, akiambiwa ajiendeleze, huko ndiko anakoelekezwa.

Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifungua njia nyingine walipokwenda Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wanakijiji wenyewe walitaja matatizo yao, wakayajadili, kisha wakayaigiza kwa sanaa zao. Kazi ile naiheshimu, na kitabu cha Mlama cha 1991 kinastahili kusomwa na kila ajiitaye mwezeshaji. Ila wengi waliofuata wameshika nusu ya somo: huuliza jamii imejifunza nini, wala hawajiulizi wao wamerudi na nini.

Mfano ulio bora nauona Nyanda za Juu Kusini, tena nje ya jukwaa. Mjini Iringa, kazi ya Neema Crafts ilianza 2003 kwa vijana viziwi watatu waliojifunza kutengeneza karatasi, hata ya kinyesi cha tembo. Katika mkahawa wao wahudumu ni viziwi, na mgeni huagiza kwa ishara au kwa kuandika. Hapo mwanafunzi ni mgeni. Hotuba haihitajiki, hamu ya chai yatosha.

Na kule Ikombe, wilayani Kyela, mkoa wa Mbeya, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono, bila gurudumu. Ufundi hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na chungu kibovu hakingoji ripoti ya tathmini: hupasuka motoni. Sisi watunzi twalijua hilo barazani. Mizani ikipungua, msikilizaji hukohoa kabla ubeti haujesha.

Basi wanaopanga mafunzo ya wasanii wawapeleke mwezi mzima Ikombe, bila cheti. Posho apewe mfinyanzi, kwani mwalimu ni yeye. Kisha sisi wahakiki tuiweke kazi ya msanii ya kabla ya safari kando ya ile ya baadaye, tuzisome pamoja.