Mume Aliyewafungia Mawakili wa Mji Mzima

Chukulia mji mdogo wa Marekani wenye mawakili wanne wa kesi za ndoa. Mume anayejiandaa kudai talaka anakwenda kwa wote wanne, mmoja baada ya mwingine. Kwa kila mmoja anaeleza mapato yake, pombe zake na kiwango atakachokubali akibanwa. Hamwajiri hata mmoja. Mke anapoanza kutafuta wakili, wote wanamkatalia.

Kinachowazuia ni Kanuni ya 1.18, ambayo chama cha American Bar Association kiliiongeza mwaka 2002 katika kanuni zake za mfano za 1983. Inamlinda hata mtu aliyefika kuomba ushauri tu, awe amelipa au hajalipa. Aliyemsikiliza hawezi kumwakilisha mpinzani wake katika shauri hilohilo iwapo alichosikia kinaweza kumdhuru sana msimuliaji. Na mzazi anayegombea watoto, ni siri gani yake isiyoweza kumdhuru?

Ni kweli kwamba ufafanuzi wa mwaka 2012 unamnyima ulinzi huo anayezunguka kwa mawakili kwa nia ya kuwafungia wasimtetee mwenzake. Lakini nia ithibitishwe vipi? Mume atasema alikuwa analinganisha mawakili, jambo ambalo ni haki yake.

Kanuni inaacha upenyo mwingine: wakili aliyesikia atengwe, msimuliaji aarifiwe mara moja kwa maandishi, na wenzake ofisini waendelee na mke. Ofisi kubwa ya Chicago inaweza. Wakili wa mji mdogo aliye peke yake na karani mmoja atatengwa na nani? Hapa ndipo naona kanuni iliandikwa bila kumfikiria.

Kinga yake iko kabla ya simulizi kuanza. Karani achukue kwanza majina: mume, mke, biashara za familia. Majina hayo yapekuliwe kwenye majalada, kwani huenda wakili huyohuyo ndiye aliyewaandikia wanandoa hao wosia, na hapo Kanuni ya 1.9 kuhusu wateja wa zamani inaingia. Kisha mgeni atie saini kwamba atakayoyasema hayatamzuia wakili kumtetea mwingine. Wakili naye aulize machache tu.

Dakika hizo za karani zina uzito. Katika talaka za Marekani, kwa kawaida mahakama haimpi mtu wakili wa bure kama inavyompa mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo. Mke aliyefungiwa ama atalipia wakili wa kutoka mbali, ama atasimama peke yake mbele ya jaji anayeamua watoto wataishi na nani.