Ramani za Lahaja na Watu Waliohama

Kazi ya utafiti haipimwi kwa uzuri wa jalada lake, bali kwa jinsi inavyowafaa wanaoitumia. Kwa kipimo hicho na tuitazame kazi moja ya Ufini, kisha tujiulize ina fundisho gani kwetu sisi walimu wa Kiswahili wa Gitega na Muyinga.

Mwaka 1940 mtaalamu Lauri Kettunen alichapisha atlasi ya lahaja za Kifini yenye ramani 213, zinazoonyesha maneno na sauti katika tarafa zaidi ya 500. Msitu, kwa mfano, katika lugha sanifu ni «metsä», lakini wako wasemao «mettä» na wako wasemao «mehtä». Miaka mingi baadaye Sheila Embleton na Eric Wheeler, wataalamu wa Canada, waliziingiza alama za ramani hizo katika kompyuta. Lililokuwa picha likawa jambo la kuhesabika na kulinganishwa, na leo liko wazi kwa watafiti. Kazi hii yastahili sifa.

Hata hivyo ina upungufu. Ramani humfunga msemaji na mahali. Vita vilipokoma mwaka 1944, sehemu kubwa ya Karelia iliangukia mikononi mwa Muungano wa Kisovieti, na watu wapatao 400,000 wakahamishiwa kwingineko Ufini. Alama zao zimebaki palepale. Wenyewe waliondoka na lahaja yao.

Jambo hili latuhusu sana. Sacleux mwaka 1909 na Stigand mwaka 1915 walishughulikia hasa lahaja za pwani, ambako Mmvita husema «nti» na Muunguja «nchi». Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009 haikukusudiwa kuvuka mpaka. Kiswahili chetu basi chahitaji ramani yake. Lakini tusiige njia ya Ufini kibubusa. Gitega ilikuwa kituo cha Wajerumani tangu 1912, na Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na wafanyabiashara. Muyinga imepakana na Tanzania, nchi iliyowapokea wakimbizi wetu wa 1972 na wa 1993. Wengi wao walirudi na Kiswahili cha huko. Tukiweka alama moja tu juu ya Muyinga, tutakuwa tumesema uongo.

Kila neno litakalokusanywa na liandikwe pamoja na mahali liliposikiwa, umri wa msemaji, alikojifunzia lugha, na mwaka. Jina lake lisitajwe, na idhini yake iombwe kwanza. Kisha daftari hilo liwe wazi kwa kila mwalimu, lisifungiwe kabatini.

Kiswahili sanifu tutaendelea kukifundisha. Nacho kilijengwa juu ya lahaja moja, Kiunguja. Lakini kabla ya kulikata neno la mwanafunzi kwa wino mwekundu, yatupasa kumwuliza alilitoa wapi. Huenda neno hilo ndilo kumbukumbu pekee ya njia waliyopita wazazi wake.