Mchoro, Chapa na Nembo: Juu ya Kazi za Karatasi za George Lilanga

Kitenzi "kuchora" kina maana pana kuliko inavyodhaniwa. Kabla ya kalamu na karatasi kuenea, kuchora kulikuwa ni kukata au kukwaruza alama juu ya mti au chuma. Kwa hiyo Kiswahili hakikutenga kazi ya patasi na kazi ya kalamu, na jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila azitazamaye kazi za George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanganyika na kufariki Dar es Salaam mwaka 2005.

Lilanga alianza kwa kuchonga. Alipoingia Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, alijaribu pia ngozi ya mbuzi, bamba la chuma na karatasi. Mashetani wake ni wale wale kila mahali: masikio makubwa, midomo iliyotokeza, matumbo ya duara, vidole vichache. Hawana ardhi wala upeo wa macho. Mmoja amemshika mwenziwe, kama watu wa kinyago cha ujamaa wanavyobebana katika gogo moja.

Picha zake kubwa za rangi ndizo zilizompa sifa Ulaya na Marekani. Hata hivyo, rangi hizo kali mara nyingine huficha udhaifu wa mstari, hasa katika kazi za miaka ya mwisho, alipokuwa akisaidiwa na jamaa na wanafunzi. Katika chapa ya wino mweusi hakuna pa kujificha: mstari ukilegea, shetani hufa. Hapo ndipo mkono wa mchongaji uonekanapo wazi, wala si ajabu, kwa kuwa bamba nalo hukwaruzwa kwa ncha ya chuma. Wamakonde walikuwa na nembo zilizochanjwa usoni. Chapa ni nembo iliyohamia karatasini.

Ila wakusanyaji wengi huiona karatasi kuwa kitu duni. Sehemu ya kosa ni ya lugha. Tukiita kila kitu "picha", mnunuzi hajui kama anapewa mchoro wa mkono, ambao ni mmoja tu duniani, au chapa ya bamba, ambayo ina ndugu zake na yapasa kuandikwa namba. Maneno "mchoro wa mkono" na "chapa ya bamba" yatosha. Hapana haja ya kukopa mengine.

Mfano wa Lebanoni wafaa kuangaliwa. Etel Adnan (1925–2021) alichora na kuandika juu ya karatasi ndefu zikunjwazo, na leo hakuna aziitaye kazi ndogo. Katika Beirut, Makumbusho ya Sursock yalifunguliwa mwaka 1961. Mlipuko wa bandari wa tarehe 4 Agosti 2020 uliyaharibu vibaya, lakini yalifunguliwa tena mwaka 2023. Jengo na kazi za sanaa viliweza kutengenezwa kwa kuwa palikuwa na watu waliojua ni nini kilichokuwamo.

Kwa upande wetu, Nyumba ya Sanaa imekwisha kufungwa, na kazi nyingi za Lilanga zimo katika makusanyo ya nje, kama lile la Jean Pigozzi. Mtu wa Chunyu, katika Ruangwa, aliye karibu na nchi alikozaliwa msanii huyu, yambidi asafiri mbali mno ili azione. Kuwalaumu walionunua hakuna maana; walinunua wakati wengine hawakutaka. Lakini kinyago kikienda, kimekwenda. Chapa haiko hivyo: nakala moja yaweza kukaa Geneva na ndugu yake akakaa Nachingwea, wala hapana aliyenyang'anywa. Kinachotakiwa ni sanduku lisiloingia mchwa wala unyevu, daftari la namba, na mtu wa kulitunza. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kinyago kimoja kikubwa cha mpingo. Mkoa wa Lindi usipofanya hivyo mapema, watoto wake watakuja kujifunza nembo za babu zao katika vitabu vilivyoandikwa kwa lugha za watu wengine.