Fundi wa Tovuti Akiwa Keko

Samani za Keko, wilayani Temeke, hujitangaza zenyewe. Vitanda vimeegemezwa kando ya barabara, makochi yamevalishwa nailoni vumbi lisiyale, na harufu ya vanishi inakupokea kabla hujaiona randa. Mteja hugonga ubao kwa vidole, huvuta droo, huinama kutazama chini ya meza, kisha huuliza: huu ni mninga kweli, au ni rangi tu? Mwenye karakana hujibu, mteja hubisha, na biashara imeanza. Lakini yuko mteja mwingine. Yuko Dodoma, au Muscat, na anataka kitanda kifikishwe nyumbani kwa mama yake Mbagala. Huyo hana ubao wa kugonga. Ninayemsifu hapa ni fundi anayemtengenezea mtu huyo mahali pa kugonga.

Wengi hudhani ufundi wa tovuti ni kompyuta. Nusu yake ni masikio. Fundi mzuri, kabla hajagusa kibodi, hushinda karakanani na daftari akisikiliza simu zinazoingia. Mbao gani? Futi tano kwa sita au sita kwa sita? Kianzio kiasi gani? Kigamboni mnaleta? Maswali hayo ndiyo mpango wa tovuti, na kurasa hugawika zenyewe: vitu vilivyopo na bei zake, namna ya kuagiza, usafirishaji, mahali karakana ilipo. Nne zatosha. Ukurasa wa "dira na dhamira" sijapata kuuelewa. Seremala mwenye vijana watatu hana dira. Ana kabati la watu linalotakiwa Ijumaa.

Pagumu ni kwenye bei. Biashara zetu za mtandaoni zimezoea "bei njoo inboksi", na mwenye karakana ana sababu zake: mbao hupanda, na mifuko ya wateja hailingani.

"Nikiiandika, kijana wangu, jirani ataiona."

"Jirani anaijua tangu zamani, mzee. Asiyeijua ni mteja."

Fundi asiye na subira huandika anachoambiwa, akachukua hela yake, akaenda. Mwenye ufundi hutafuta njia. Bei huandikwa "kuanzia", pamoja na kipimo, aina ya mbao, na tarehe ilipohakikiwa mara ya mwisho. Tarehe hiyo humlinda seremala mbao zikipanda, na humwambia mteja kwamba kuna mtu anauangalia ukurasa huu. Mimi ningeipigania kuliko rangi yoyote ya tovuti.

Halafu picha. Picha moja ya simu janja yaweza kufika megabaiti 4. Ukizipanga 10, mteja ameshakula megabaiti 40 za bando lake kabla hajaiona namba ya simu. Fundi huzipunguza hadi kilobaiti 200 au chini ya hapo, na kwenye kioo cha simu jicho halitambui tofauti. Lakini kwanza huzichagua: kitanda kwenye kivuli cha asubuhi, si chini ya taa ya buluu, droo ikiwa wazi, picha ya karibu ya kiungo, pale ulimi wa ubao unapoingia kwenye tundu lake. Hapo ndipo vidole vya mteja wa mbali hugonga. Ndani ya msimbo, mahali ambapo wageni hawapaoni, kila picha huandikiwa maneno ya kuieleza, kwa ajili ya asiyeona ambaye simu yake humsomea. Na juu kabisa huwekwa herufi mbili, sw, kuitambulisha lugha. Zikikosekana, programu ya kusoma kwa sauti yaweza kuitamka "sebule" kwa ulimi wa Kiingereza. Hakuna mwenye karakana atakayeongeza hata shilingi kwa ajili ya herufi mbili. Fundi huziweka tu.

Picha hazikuwepo tangu mwanzo: ukurasa wa kwanza wa wavuti, alioutengeneza Tim Berners-Lee pale kwenye maabara ya CERN mwaka 1990, ulikuwa maandishi na viungo, basi. Nakala yake ya mapema hufunguka hadi leo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliiachia dunia teknolojia hiyo bure, na ndiyo maana seremala wa Keko haombi ruhusa ya mtu kuwa na ukurasa wake. Ila jina la tovuti lazima lisajiliwe, na jina ndilo humpima fundi. Wapo wanaosajili jina la .co.tz kwa majina yao wenyewe, kisha mwenye biashara anajikuta akibembeleza kutumia jina la karakana yake. Fundi mwaminifu hulisajili kwa jina la mzee na kumkabidhi nywila zote.

Siku ya kufungua tovuti haina ngoma. Huchaguliwa Jumanne asubuhi, kamwe si Ijumaa jioni. Fundi huhakikisha cheti cha usalama kimeshika, maana kivinjari kikionya kwamba tovuti si salama, mteja wa Muscat hatatuma kianzio. Kisha huazima simu ya kijana anayepiga msasa, ile ya bei rahisi yenye kioo kilichopasuka, akaufungua ukurasa juani. Hubonyeza namba: je, simu ya mzee inaita? Hulinganisha lipa namba tarakimu kwa tarakimu, kwani ikikosewa moja pesa yaweza kwenda kwa mtu mwingine.

Wiki zinazofuata simu hubadilika. "Bei gani?" hupungua, na huja maswali ya watu waliokwisha kusoma: mkongo upo, au mninga tu? Halafu linaingia lile ambalo daftari halikuwa nalo: chumba kiko ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, kitanda kitapita? Seremala hujibu kwamba fremu hufunguliwa chini ikafungwa tena chumbani. Fundi, aliyedhani amemaliza, huiongeza sentensi hiyo kwenye ukurasa wa usafirishaji, na kwa kuwa ameshaingia, humpigia mzee kuhakiki bei.