Whitney Ameuchukua Wimbo wa Shule ya Jumapili!

Jamani! Weka chini ulichoshika, tafuta albamu ya filamu ya The Bodyguard, ile ya 1992, zipite nyimbo tano za mwanzo, usimame kwenye wa sita: Jesus Loves Me. Ndiyo, ule ule wa Shule ya Jumapili, ambao watoto wetu huuimba kwa Kiswahili hata kabla hawajajua kusoma. Ndiyo kwanza nimeusikiliza wote, mwanzo hadi mwisho, na mwili bado unanisisimka.

Whitney Houston hana haraka kabisa. Mwendo umepunguzwa, mdundo umelala chini, naye anaingia kwa upole kama mtu anayejiimbia peke yake jikoni. Halafu anaanza kulivuta neno. Silabi moja tu anaipandisha, anaizungusha, anaishusha, na mahadhi unayoyajua yako pale pale! William Bradbury aliutungia wimbo huu muziki mwaka 1862 kwa noti tano tu. Noti tano! Mtoto wa chekechea anazimudu. Lakini kati ya noti hizo kuna nafasi, na mwimbaji wa soul riziki yake iko humo. Pale mtoto anaporuka kutoka noti moja hadi nyingine, Whitney anapita njia ndefu, akigusa kila kilichomo katikati.

Na kuna ubeti ambao hukuuimba utotoni. Humo anaomba aongozwe njiani, anakiri kwamba hastahili na ni mkaidi, na bado anapendwa. Ubeti huo umenimaliza. Mtoto huimba kwamba anapendwa kwa sababu kaambiwa; huyu mtu mzima anaimba akijua alivyo, na kiitikio kinaporudi, uzito wake si ule tena.

Tena uzito huo ulikuwemo tangu mwanzo. Anna Warner aliandika maneno haya kwa ajili ya Say and Seal, riwaya ya dada yake Susan iliyotoka mwaka 1860, na humo yanatumika kumfariji mtoto mgonjwa aliye karibu kufa.

Mwaka 1955 Ray Charles aliuchukua This Little Light of Mine, akaitoa nuru ya imani akamweka msichana, na soul ikapata mojawapo ya nguzo zake. Whitney haondoi kitu. Imani anaiacha mahali pake, anaisogezea soul, ile aliyolelewa nayo katika kanisa la New Hope Baptist, Newark, ambako mama yake, Cissy, aliongoza kwaya. Ndiyo maana husikii pambo lolote la kubandika. Na tarehe 9 Februari 2012, siku mbili kabla ya kifo chake, wimbo alioimba jukwaani Hollywood, akiwa na Kelly Price, ulikuwa huu huu.

Kwangu ndio bora katika albamu nzima, hata kuliko ule mkubwa uliotikisa dunia. Nanyi watayarishaji wa Nairobi, Dar es Salaam na Bukavu, tafadhalini: chukueni wimbo mmoja wa watoto wa kanisani kwenu, msiuongezee kasi wala vinanda, punguzeni mwendo, kisha mpeni mwimbaji aliyekulia kwenye kwaya. Sisi tutanunua.