Mstari wa Wazazi: Uigizaji wa Ruan Lingyu na Mipaka ya Uhakiki wa Kiwasifu

Mwigizaji wa Kichina Ruan Lingyu alifariki dunia mjini Shanghai tarehe 8 Machi 1935, akiwa na umri wa miaka 24, baada ya kumeza vidonge vya usingizi. Karibu kila andiko linalomhusu huanzia hapo, na makala haya nayo hayakuweza kuikwepa desturi hiyo, kwa kuwa desturi yenyewe ndiyo inayochunguzwa. Uigizaji wake umezoeleka kusomwa kinyumenyume: mwisho wa maisha umefanywa ufunguo wa kazi zote zilizoutangulia, machozi ya wahusika wake yakahesabiwa kuwa machozi yake mwenyewe, na filamu zake zikageuzwa kuwa utabiri. Tunadai kwamba usomaji wa namna hiyo unamnyima msanii kitu ambacho filamu zenyewe zinakithibitisha, yaani ufundi. Tunadai pia kwamba filamu zake mbili zinazojulikana zaidi, Shennü (1934) na Xin nüxing (1935), zinashughulikia suala la umma unaomhukumu mwanamke kwa habari za kusikia. Mhakiki anayezitumia filamu hizo kama ushahidi wa maisha ya faragha ya mwigizaji anatenda kile kile ambacho filamu hizo zinakishutumu.

Kabla ya kuendelea, istilahi moja inahitaji kuelezwa. Katika Kiswahili baadhi ya waandishi hutumia “filamu bubu” na wengine “filamu za kimya”. Makala haya yanatumia istilahi ya pili. Bubu ni mtu asiyeweza kusema, ilhali wahusika wa filamu hizo husema muda wote. Ni sisi watazamaji ambao hatuwasikii, tukasaidiwa na vibao vya maandishi na, katika kumbi za wakati ule, na muziki. Tofauti hiyo ina uzito kwa mada hii, kwani Ruan amekuwa akichukuliwa kana kwamba ndiye aliyekuwa bubu, na wahakiki ndio wanaopaswa kumsemea.

Usuli

Ruan alizaliwa Shanghai mwaka 1910 katika familia yenye asili ya mkoa wa Guangdong. Baba yake alifariki akiwa bado mtoto mdogo, na mama yake akafanya kazi za ndani katika nyumba ya familia tajiri ya Zhang. Kijana wa familia hiyo, Zhang Damin, ndiye aliyeishi naye tangu akiwa na umri wa miaka 16 hivi, bila ndoa rasmi. Mwaka 1926 alijiunga na studio ya Mingxing, na kuanzia mwaka 1930 akawa nyota wa studio mpya ya Lianhua, iliyotaka kuinua hadhi ya sinema ya Kichina mbele ya tabaka la wasomi. Katika muda wa miaka isiyofika kumi alicheza filamu zinazokaribia thelathini, nyingi zikiwa zimepotea. Ikumbukwe kwamba sinema ya China iliendelea kutengeneza filamu za kimya hadi katikati ya miaka ya 1930, wakati Marekani ilikuwa imekwishaziacha. Kwa hiyo Shennü si kazi ya mwanzo ya sanaa changa. Ni kazi ya sanaa iliyokomaa, iliyokwisha kujua mwili wa mwigizaji unaweza kubeba mzigo gani bila sauti.

Shennü na jicho la jirani

Filamu hii iliandikwa na kuongozwa na Wu Yonggang, na ndiyo ya kwanza aliyoiongoza baada ya kufanya kazi ya kubuni mandhari. Jina lake ni gumu kufasiri. Shennü ni kiumbe wa kimungu wa kike, na mitaani Shanghai neno hilo hilo lilikuwa tafsida ya kahaba. Fasiri ya “Mungu wa Kike” inabeba nusu ya maana na kuiacha nusu nyingine nje. Kiswahili cha Tanzania kina tafsida inayofanya kazi kwa namna inayokaribiana na hiyo, “dada poa”, ambamo neno la undugu na heshima linakuwa ndilo chombo cha kudhalilishia. Hatupendekezi liwe jina la filamu, maana lina mzaha ambao Wu hakuukusudia, lakini msomaji wa Kiswahili anayelijua neno hilo ameshaielewa nusu ya filamu kabla ya kuitazama.

Mhusika mkuu hana jina. Anafanya ukahaba usiku ili amlee mwanawe. Akiwakimbia polisi anaingia katika chumba cha jambazi mmoja, na jambazi huyo, baada ya kumficha, anajifanya mmiliki wake. Fedha anazozificha ukutani, nyuma ya tofali, kwa ajili ya elimu ya mtoto, zinaibwa na jambazi huyo kwa ajili ya kamari. Mtoto anafukuzwa shule kwa sababu ya kazi ya mama. Mwishowe mama anamuua jambazi kwa chupa na kuhukumiwa kifungo cha miaka 12.

Muhtasari huo unaweza kuwa wa tamthilia yoyote ya kuliza watu. Kinachoitenga filamu hii ni namna Ruan anavyokataa kulia pale ambapo hadhira imeshaandaa leso. Chukua tukio la chumbani kwa jambazi. Polisi wameondoka, mwanamke anataka kwenda zake, na mwanaume anamwonyesha kwa ishara kwamba hifadhi ina malipo. Mwigizaji wa kawaida angeonyesha hofu, kisha aibu, kisha kukubali. Ruan anapitisha hesabu usoni kwa kitambo kifupi sana, kisha anakaa juu ya meza, anachukua sigara, na mwili mzima unabadilika: mabega yanalegea, kidevu kinapanda, mguu unajiachia. Mtazamaji anaelewa kwamba mwanamke huyu amevaa kazi yake kama mtu anavyovaa koti kabla ya kutoka nje kwenye baridi. Hapo kuna uigizaji ndani ya uigizaji. Ruan anamwigiza mwanamke anayeigiza ukahaba, na anatuachia nafasi ndogo ya kuuona mshono kati ya hao wawili. Kama angekuwa “anajiigiza mwenyewe”, kama inavyodaiwa mara nyingi, mshono huo usingeonekana.

Mtaani, Wu anaonyesha biashara hiyo kwa miguu tu: miguu ya mwanamke inatembea, miguu ya mwanaume inaikuta, inaondoka pamoja. Nyumbani, mikono ile ile iliyopaka rangi midomoni inamtandikia mtoto. Ruan anatumia kasi mbili tofauti za mwendo, ya barabarani na ya chumbani, na hazichanganyiki hata mara moja katika filamu nzima. Nidhamu ya aina hii haipatikani kwa kuteseka. Yapo mateso mengi duniani ambayo hayajawahi kuzaa mwendo unaosomeka na mtu aliyekaa kiti cha mwisho ukumbini.

Tukio lenye uzito mkubwa zaidi kwa hoja yetu ni lile la tamasha la shule. Mtoto amepanda jukwaani na anaimba. Mama ameketi kati ya wazazi wengine, uso wake umejaa furaha isiyo na kificho. Wakati huo huo mzazi mmoja anamnong’oneza jirani yake, naye jirani anampokeza wa pili, na kamera inateleza ikifuata mstari wa viti, kutoka sikio hadi sikio, kwa mwendo ule ule wa maneno. Hatusikii kinachosemwa na hakuna haja ya kusikia. Umbo la umbea limefanywa kuwa umbo la picha. Ruan hafanyi lolote katika tukio hili isipokuwa kumtazama mwanawe kwa fahari, na hilo ndilo jambo gumu. Anapaswa kuwa mtu pekee asiyejua, katika ukumbi uliojaa watu wanaojua, mbele ya hadhira ya sinema ambayo nayo inajua. Furaha yake ikipungua hata kidogo, tukio linakuwa la huzuni ya kawaida. Hairuhusu ipungue.

Swali linalofuata ni la kimbinu. Mtazamaji ameketi wapi katika tukio hilo? Kamera haimweki kwenye kiti cha mama, inamweka kwenye mstari wa wazazi. Yeye pia ana habari za mwanamke huyu, na anamtazama kwa jicho la habari hizo. Uhakiki wa kiwasifu umeketi mstari huo huo, na tofauti ni kwamba wale wazazi hawakuwa na tanbihi.

Xin nüxing na kifo cha kuazima

Filamu hii, iliyoongozwa na Cai Chusheng na kutolewa mapema mwaka 1935, inamhusu Wei Ming, mwalimu wa muziki na mwandishi, ambaye umaskini, ugonjwa wa mtoto wake na uovu wa mwandishi wa habari mmoja vinamsukuma kumeza vidonge vya usingizi. Chanzo chake kilikuwa kifo cha mwigizaji Ai Xia, aliyejiua mwaka 1934, na ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameandika na kucheza filamu kuhusu mwanamke wa kisasa. Waandishi wa habari wa Shanghai walikasirishwa na jinsi walivyosawiriwa, wakadai sehemu zikatwe na studio iombe radhi, nayo studio ikaomba. Magazeti yakamgeukia Ruan. Zhang Damin, ambaye walikwisha kuachana, alikuwa amemfungulia mashitaka yeye na Tang Jishan, mfanyabiashara wa chai aliyekuwa akiishi naye wakati huo, na kila hatua ya kesi ikawa habari ya kuuzia magazeti. Alikufa kesi ikiwa bado mahakamani.

Ulinganifu huo ni mkubwa kiasi kwamba tunaelewa kwa nini wengi wameshindwa kuupinga. Hata hivyo, una kasoro mbili. Kwanza, unasahau kwamba Cai Chusheng mwenyewe alikuwa amekwisha kutumia kifo cha mwanamke halisi kama malighafi, hata kama kwa nia ya kumtetea. Mnyororo wa kuazima vifo haukuanzia kwa wahakiki. Pili, unapotosha filamu yenyewe. Katika dakika za mwisho Wei Ming hatamani kufa. Akiwa kitandani hospitalini anataka kuishi, na maandishi ya kilio hicho yanakua kwenye skrini hadi yanaijaza. Ruan anatoa hapa nguvu ambayo haionekani popote pengine katika filamu zake zilizobaki: shingo imekaza, macho yamefunguka kabisa, mwili uliolala unajaribu kuinuka. Kuitazama sura hiyo na kusema kwamba mwigizaji alikuwa “akijifanyia mazoezi ya kifo” ni kusoma kinyume cha kile kilichoigizwa. Ni sura ya upinzani, na imegeuzwa kuwa sura ya kujisalimisha kwa sababu ya tukio lililotokea majuma machache baadaye, nje ya filamu.

Mazishi yake yalihudhuriwa na umati mkubwa. Barua alizodaiwa kuacha zilichapishwa, na maneno yaliyoshika vichwani mwa watu ni yale yanayosema kwamba maneno ya watu yanatisha. Uhalisi wa barua hizo umebishaniwa tangu wakati huo. Mwandishi Lu Xun, katika insha aliyoiandika mwezi Mei 1935, hakupoteza muda kumchambua marehemu. Alichambua magazeti, akaonyesha kwamba vyombo vilivyo dhaifu mbele ya wenye mamlaka bado vina nguvu za kutosha za kumponda mtu aliye dhaifu zaidi, na kwamba msomaji wa kawaida hupata faraja ya kujiona bora kuliko mwanamke maarufu. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyelelewa na magazeti ya udaku hahitaji kufafanuliwa insha hiyo. Kinachoshangaza ni jinsi wahakiki wanavyoinukuu mara kwa mara kisha wakarudi kuuliza nani aliyempenda Ruan na nani aliyemtesa.

Kinachoweza kurudiwa

Mwaka 1991 mwongozaji wa Hong Kong, Stanley Kwan, alitoa filamu kuhusu maisha ya Ruan, ambayo katika Kiingereza inajulikana kama Center Stage. Maggie Cheung, aliyecheza kama Ruan, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin mwaka 1992. Filamu hiyo nayo inaelekea kwenye kifo, na katika hilo haijakiuka desturi. Lakini Kwan anaweka vipande vya filamu za asili kando ya uigizaji wa Cheung, na mazungumzo ambamo waongozaji na waigizaji wa leo wanajiuliza jinsi jambo fulani lilivyofanywa. Kwa maoni yetu, hapo kuna mchango wa kihakiki kuliko vitabu kadhaa. Mwigizaji mmoja anapojaribu kurudia mwendo wa mwingine, anagundua kwamba mwendo huo una sehemu, mpangilio na wakati wake. Huzuni ya mtu haiwezi kurudiwa na mwingine. Ufundi unaweza.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hilo umo katika Lian’ai yu yiwu, yaani Mapenzi na Wajibu, iliyoongozwa na Bu Wancang mwaka 1931. Filamu hii ilidhaniwa imepotea hadi nakala yake ilipopatikana Uruguay katika miaka ya 1990, na ndiyo maana wahakiki wa awali hawakuwa na nafasi ya kuizingatia. Ruan anamcheza mwanamke tangu ujana wake wa shuleni, kupitia ndoa ya kupangiwa na mapenzi nje ya ndoa hiyo, hadi uzee wa kuishi kwa kushona nguo. Kisha anamcheza pia binti wa mwanamke huyo. Alikuwa na umri wa miaka 20 hivi. Hakuwa amezeeka, hakuwa amesutwa na magazeti, na kesi iliyomwandama ilikuwa bado miaka kadhaa mbele. Mgongo wa mshonaji umepinda kuanzia mabegani, sindano inakaribishwa machoni, na vidole vinapapasa ukingo wa kitambaa kabla ya kuuamini. Binti anatembea kama mtu ambaye hajawahi kubeba kitu.