Ufundi wa Mnasihi

Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, mjane mgonjwa alimwita binti yake asogee karibu na wino na karatasi, apokee wasia. Mjane huyo ni Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, aliyekuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyewapinga masultani wa Zanzibar. Binti ni Mwana Hashima. Mwaka uliofuata, mjini London, mchapishaji John Murray alitoa kitabu kiitwacho Self-Help, kilichoandikwa na Samuel Smiles, Mskoti aliyesomea udaktari kisha akageukia uandishi wa magazeti. Wawili hawa hawakujuana, na pengine wasingeelewana hata kama wangekutanishwa. Hata hivyo nawasoma pamoja, kwa sababu kazi yao ilikuwa moja: kumwambia mtu namna ya kuishi, na kumwambia kwa namna itakayomkaa moyoni.

Kazi hiyo haipewi heshima inayostahili. Mshairi tunamwita fundi, seremala tunamwita fundi, lakini mnasihi tunamwona kama mtu aliyejaliwa maneno mengi na sauti nzuri. Kumwambia mwenzako afanye mema ni jambo ambalo kila mtu analiweza. Kulisema neno hilo likakumbukwa miaka ishirini baadaye, siku mtu amesimama njia panda na hana wa kumuuliza, ni kazi ya watu wachache, na wachache hao wameifanya kwa bidii na akili kubwa.

Tazama Mwana Kupona alivyoujenga wasia huo, unaojulikana leo kama Utendi wa Mwana Kupona. Anaanza na hali yake mwenyewe: maradhi yamemshika mwaka mzima, na hajapata wasaa wa kumwambia mwanawe neno jema. Msikilizaji anajua papo hapo kwa nini maneno haya yanasemwa leo. Baada ya hapo yanafuata mafunzo ya dini, ya adabu, ya kuuchunga ulimi, kisha ya unyumba, na hapo mtunzi anaingia ndani kabisa ya chumba: namna ya kumpepea mume aliyelala, namna ya kumwamsha pasipo kumshtua. Wahakiki wamebishana sana juu ya beti hizo. Wapo wanaoona ndani yake utiifu uliopita kiasi, na wapo wanaoona werevu wa mwanamke aliyejua vyema nguvu zake zilipo. Mengi ya ndoa ile hayawezi kuhamishiwa nyumba za leo, nami sitaki yahamishwe. Ninachokisifu ni mkono wa fundi. Anapofika penye neno zito, Mwana Kupona anatoa ushahidi wa ndoa yake mwenyewe, jinsi alivyoishi na marehemu kwa masikilizano hadi kifo kilipowatenga. Na anautoa mbele ya mtu aliyekulia katika nyumba hiyohiyo, ambaye angeweza kuukanusha. Hakuna ushahidi mgumu kuutoa kuliko huo.

Nyuma ya Mwana Kupona kuna shule nzima. Pwani yetu ina somo, yule mama anayekabidhiwa bibi harusi. Na bara na pwani kuna kungwi, mwalimu wa wari. Mama hao humjua mwari kwa jina, humjua mama yake, hujua nyumba anayokwenda na hujua analoliogopa. Nasaha zao hupimwa upesi, kwani baada ya muda mfupi mwari hurudi kuwaeleza lililofaa na lisilofaa. Mwana Kupona aliuchukua ufundi huo wa mdomo akautia kwenye mizani na vina. Na jambo la kupendeza ni kwamba karibu na mwisho wa utendi anawageukia wanawake wote, akiwataka nao wasome na kufahamu. Wasia wa mtu mmoja ukafunguliwa mlango. Kama angeanza kwa kuwahutubia wanawake wote wa pwani, sidhani kama tungekuwa tunaukumbuka.

Smiles naye, ambaye kitabu chake kilienea duniani, hakuanza na dunia. Alianza na vijana wa mji wa viwanda wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Yeye mwenyewe ameeleza habari hiyo mwanzoni mwa kitabu. Vijana wawili watatu wa hali ya chini walikuwa wakikutana jioni wafundishane walichokijua: kusoma, kuandika, hesabu. Idadi ikakua wakakosa mahali, hadi wakapanga chumba kilichokuwa kimetumika kuwalaza wagonjwa wa kipindupindu, chumba ambacho hakuna mpangaji mwingine aliyekitaka. Wakaweka mabenchi machache na meza, wakawasha taa, wakaendelea. Ndio waliomwomba Smiles, mnamo 1845, aje azungumze nao kidogo. Akawaeleza maisha ya watu waliofika mbali kwa juhudi. Miaka baadaye mmoja wa wasikilizaji wale, ambaye sasa naye alikuwa ameajiri wengine, alimtafuta ili amshukuru; na Smiles anasema hapo ndipo alipopata moyo wa kuyageuza maandishi yake kuwa kitabu. Mchapishaji wa kwanza alikikataa. Kilipotoka hatimaye, ziliuzwa nakala 20,000 katika mwaka wa kwanza, na mwaka 1871 Nakamura Masanao alikitafsiri kwa Kijapani, kikasomwa kote katika nchi iliyokuwa ikijijenga upya.

Smiles amelaumiwa, na kwa haki kiasi, kuwa hakuuona vya kutosha uzito wa ujira mdogo, maradhi na bahati mbaya. Ametumiwa pia na wanaopenda kumwambia maskini kwamba umaskini wake ni kosa lake. Mwenyewe alihisi hatari hiyo mapema. Katika toleo la 1866 alisikitika kwamba jina la kitabu limewafanya watu wadhani anausifu ubinafsi. Kila nikisoma habari za chumba kile cha Leeds naona alikuwa na sababu ya kusikitika. Kitabu cha kujiinua kilizaliwa katika chama cha watu waliochangia kodi na kufundishana.

Silaha yake kubwa ilikuwa kisa cha maisha ya mtu. Ukitaka kuiona inavyofanya kazi, soma habari za Bernard Palissy, mfinyanzi wa Ufaransa wa karne ya 16, aliyehangaika miaka mingi kutafuta siri ya kuking'arisha chombo kwa rangi nyeupe. Kuni zilipomwishia na tanuri halijafika joto linalotakiwa, alitupia motoni samani za nyumba yake, kisha mbao za sakafu, na majirani wakamwona amerukwa na akili. Smiles angeweza kuandika kwamba subira ni jambo jema. Badala yake anamweka msomaji kando ya tanuri, akisikia meza ikivunjwa, na anamwacha aamue mwenyewe kama naye angethubutu.

Ajabu ni kwamba mshairi wetu Shaaban Robert, karibu miaka mia moja baadaye, alimchagua naye mtu aliyetoka katika ufinyanzi. Wasifu wa Siti binti Saad, alioutoa mwaka 1958, ni maisha ya msichana wa Fumba, Unguja, asiyejua kusoma, aliyekuwa akifinyanga vyungu na kuvipeleka mjini kuviuza, akaja kuwa mwimbaji wa taarab, sauti iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928 na kusikika pwani nzima. Shaaban hakuhitaji kumwambia msomaji asikate tamaa. Aliuweka mbele yake mwendo wa Siti, hatua kwa hatua, na dharau alizokutana nazo njiani.

Na penye nasaha yenyewe, Shaaban alirudi kwenye njia ya Mwana Kupona. Mkewe Amina alipofariki, alibaki na malezi ya watoto. Ndani ya Maisha Yangu ameweka tenzi mbili za mafunzo: Hati, aliyomtungia binti yake Mwanjaa, na Adili, aliyomtungia mwanawe Suleiman. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, mtu aliyehamishwa kutoka kituo hadi kituo, Pangani, Longido, Mpwapwa, na mshahara wa karani wa Kiafrika. Utajiri wa kuwarithisha wanawe ulikuwa maneno. Vizazi vya wanafunzi vimejifunza kutokana na tenzi hizo, na wengi tumezisoma kana kwamba tumeandikiwa sisi. Nadhani ni kwa sababu baba yule alikuwa akiwatazama watoto wawili aliowajua, ambao wangebaki na maneno yake siku yeye hayupo.

Sasa twende New York, mwaka 1912. Dale Carnegie, mtoto wa mkulima wa Missouri, alikuwa amewahi kuuza nyama, sabuni na mafuta ya kupikia, akajaribu uigizaji ukamshinda, na sasa aliuza malori asiyoyapenda huku akiishi katika chumba kilichojaa mende. Aliomba kufundisha kozi za jioni katika vyuo vikuu viwili, akakataliwa. Tawi la Mtaa wa 125 la YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, lilimkubalia afundishe watu kuzungumza hadharani, lakini halikuwa tayari kumlipa hata dola mbili kwa usiku. Angepata sehemu ya faida kama faida ingekuwapo. Waliokuja walikuwa mawakala wa mauzo na watu wa ofisini waliotaka kusimama kikaoni pasipo magoti kutetemeka. Hawakutaka cheti. Walitaka kitu cha kutumia kesho yake, na wasipokipata wangeacha kuja, na mwalimu angelala njaa.

Mapema kabisa Carnegie aliishiwa na maneno ya kufundisha. Akawainua wanafunzi mmojammoja waseme juu ya maisha yao. Hapo akagundua jambo ambalo vyuo vilikuwa havijamfundisha: mtu anayesema jambo linalomchoma husahau woga. Tangu siku hizo darasa lake likawa la wanafunzi kusema na mwalimu kusikiliza. Kwa nafasi ile ya kusikiliza, alijua wanachokiogopa, wanavyogombana na mabosi, wanavyoshindwa kuelewana na wake zao. Kanuni zake za kuishi na watu zilianza kwenye kadi isiyozidi ukubwa wa postikadi. Msimu uliofuata kadi ikawa kubwa zaidi, kisha kikaratasi, kisha vijitabu, na wanafunzi wakawa wanakwenda kuzijaribu nyumbani na kazini halafu wanarudi kutoa habari. Baada ya miaka 15 ya kazi hiyo, mwaka 1936, ndipo kikatoka How to Win Friends and Influence People, kitabu ambacho nakala zake zimeuzwa kwa makumi ya milioni.

Wapo wanaokiona kitabu hicho kuwa cha hila za kuwalaghai watu kwa tabasamu. Nimekisoma nikitafuta hila hizo, na kinachojirudia humo ni sharti la kumjali mwenzako kwa dhati, pamoja na onyo dhidi ya sifa za uongo. Lugha yake ni nyepesi kwa sababu kila sentensi ilipita kwanza masikioni mwa mtu aliyechoka baada ya siku nzima ya kazi.

Leo Afrika Mashariki ina wahamasishaji wengi. Wanajaza kumbi za hoteli, wako redioni, video zao zinatufikia simuni kabla hatujanywa chai. Nafurahi kuwaona, kwa maana vijana wetu wana kiu ya neno la kuwashika mkono, na neno hilo si lazima litoke mbali. Linalonisumbua ni nasaha isiyo na mtu. Anaambiwa ofisa wa benki aamke saa kumi alfajiri ili afanikiwe, na neno hilohilo, bila kubadilishwa hata herufi, anaambiwa mama lishe wa Tandale, Dar es Salaam, ambaye saa kumi alfajiri maharage yake yameshachemka na mgongo unamuuma. Mama yule ana swali lake: afanyeje wateja wanaokula kwa mkopo wasiolipa? Hajaulizwa. Angeulizwa, mhamasishaji angepata mada ya miezi mitatu, na mama angepata msaada.

Kwa hiyo nina ombi kwa wewe unayeandaa kitabu cha nasaha, au mada ya kongamano, au mawaidha ya Ijumaa. Usianze na kitabu. Andika mistari michache kwenye kadi, umpelekee mtu mmoja unayemjua jina na shida yake, akae nayo wiki kadhaa. Kisha rudi kwake, keti, umuulize imemsaidia nini na imemkwamisha wapi, na umsikilize mpaka amalize. Ukishafanya hivyo kwa watu wengi na kwa misimu mingi, chapisha, nasi tutanunua.